Jaketi kwanza, ski baadaye

Julai 2, 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, Ralph Samuelson alisimama juu ya maji ya Ziwa Pepin, Minnesota, Marekani, huku ndugu yake Ben akimvuta kwa boti. Alikuwa amekwisha kujaribu mbao za pipa, akazama. Akajaribu ski za thelujini, akazama tena. Kilichombeba hatimaye ni mbao mbili za msonobari zenye urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 23. Ncha zake alizichemsha kwenye sufuria ya shaba ya mama yake mpaka zikalainika, kisha akazipinda zielekee juu. Kamba aliyoshika ilikuwa ya madirisha, na mshikio ulikuwa pete ya chuma.

Mbao kubwa kiasi kile leo zingechekwa, lakini kijana yule alichagua sawasawa. Boti inapokwenda polepole, maji hayana nguvu ya kumbeba mtu isipokuwa apate eneo pana la kukanyagia. Kasi ikipanda, ski inaweza kupungua upana. Mwili ukiwa mzito, ski sharti iongezeke. Hesabu ni hiyo hiyo mpaka leo katika mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ski, na ndiyo wanunuzi wengi wanayoikosea: wanaona video ya bingwa akikata maji kwa ski moja nyembamba, wanakwenda dukani kudai kama ile. Wanasahau kwamba bingwa huyo anavutwa kwa kasi inayofika kilomita 58 kwa saa. Anayejifunza huvutwa kwa karibu nusu ya hiyo, na juu ya ski nyembamba atashinda akinywa maji.

Mtu mzima anayeanza anahitaji jozi pana ya takriban sentimita 170, ambayo moja kati ya ski zake ina nafasi ya mguu wa pili nyuma. Akishazoea, anaiacha ile nyingine na kuendelea na hiyo, bila gharama mpya. Za watoto huunganishwa kwa kijiti mbele ili miguu isiachane. Kuhusu rangi na jina la kampuni, kila mtu na pesa zake.

Kosa kubwa liko kwingine. Watu hutumia siku nzima kulinganisha ski, kisha jaketi okozi wanaokota lolote lililolala chini ya kiti cha boti. Ingefaa iwe kinyume chake. Ski mbaya itamchosha mtu. Jaketi baya litamtoka kichwani anapoanguka kwa kasi na maji yanapompiga kama sakafu. Yale majaketi membamba yanayojijaza hewa, mazuri kwa abiria, hayafai kabisa kwa mchezo huu. Linalotakiwa ni la povu, linalobana kifua, lenye vifungo imara kadhaa.

Kulipima hakuhitaji fundi. Mtu analivaa, anafunga vifungo vyote, anainua mikono, na mwenzake anashika mabega ya jaketi na kulivuta juu. Likipanda mpaka masikioni, si saizi yake. Nusu dakika, kazi imekwisha.

Kamba nayo hudharauliwa. Ile ya nailoni ya kufungia chombo gatini hunyumbuka, na ikikatika au mshikio ukiponyoka, hurudi kwa kishindo kuelekea botini. Tena huzama, ikatafuta rafadha. Kamba ya ski huelea na hainyumbuki sana. Mikanda ya miguu vilevile ina siri yake: ikaze kiasi cha kumtii mtelezaji, lakini imwachie anapoanguka, maana ski iliyong'ang'ania mguu hulisokota goti zima.

Yote hayo yanamhusu pia asiyekusudia kununua chochote. Mgeni anayekodi boti Nungwi au Diani hachagui ski. Anapewa zilizopo, na pengine ni sawa tu. Jaketi, hata hivyo, ana haki ya kulikagua kama anavyokagua samaki sokoni: alikunjue, atazame kama jua limekila kitambaa, avute kila kifungo, kisha aombe avutwe mabega. Aulize pia ni nani atakayekaa botini akimtazama yeye, kwa sababu nahodha macho yake yanatakiwa yawe mbele. Wapo vijana wa ufukweni wanaoyafanya haya bila kuulizwa, na hao wanastahili kila shilingi wanayotoza. Wapo pia wanaojibu, "Usiwe na wasiwasi bosi, twende tu." Msomaji akilisikia jibu hilo, arudishe pesa mfukoni na atafute boti nyingine.