Paka Wako Si Mbegu Duni: Acha Kumshindisha Njaa

 Leo naweka pembeni mbolea na viwavijeshi. Nataka tuzungumze juu ya paka, na nitasema wazi hata kama utakasirika.

Nikipita vijijini Kibondo na Kasulu nasikia maneno mawili. La kwanza: "Paka wetu ni wa kienyeji tu, paka wa maana ni wa kizungu mwenye manyoya marefu." La pili: "Ukimlisha paka, hawindi." Yote mawili si kweli, na yanakula mahindi na maharage yako ghalani.

Tuanze na la kwanza. Huko Watamu, pwani ya Kenya, kuna msitu uitwao Arabuko-Sokoke. Wagiriama wa pale wamemjua tangu zamani paka wa msitu huo, wanamwita khadzonzo. Mwaka 1978 mama mmoja mwenye shamba la minazi, Jeni Slater, aliokota watoto wa paka huyo akawafuga na kuwazalisha. Baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na katika miaka ya 1990 wakatambuliwa Ulaya kuwa mbegu kamili, kwa jina la Sokoke. Leo wana hati za ukoo kama ng'ombe wa maziwa.

Umbo lake likoje? Ni mwembamba, miguu mirefu, ya nyuma imezidi ya mbele, hivyo hutembea kama anayenyata. Manyoya ni mafupi, ya kahawia yenye mabaka meusi, ukimwona juu ya mti utadhani ni gome. Tabia yake ni kupanda, kurukaruka na kumzoea sana mwenye nyumba. Sasa jiulize: ni nini kilichobadilika kati ya khadzonzo wa msituni na Sokoke wa Ulaya? Paka ni yule yule. Kilichobadilika ni chakula, matunzo, na mtu kuandika nani kazaa na nani.

Sikushauri ukamtafute Sokoke. Manyoya yake mepesi ni ya joto la pwani, na baridi yetu ya Juni na Julai itamtesa. Wala usihangaike na paka wa Kiajemi mwenye manyoya marefu. Anahitaji kuchanwa kila siku na kufutwa macho, na masika udongo wetu mwekundu utamgandia mwili mzima. Mbegu inayokufaa iko kwa jirani yako. Muulize swali moja tu: mama yake anakamata panya? Kitoto hujifunza kuwinda kwa mama yake, basi usimchukue kabla hajafikisha wiki nane, na akikaa hadi kumi na mbili ni bora zaidi.

Sasa la pili. Paka haendi kuwinda kwa sababu ya njaa peke yake. Aliyeshiba naye huvizia, maana ndivyo alivyoumbwa. Ukimnyima chakula anahama, au anaanza vifaranga vya jirani, halafu unakuja kwangu kulalamika kwamba paka ni mwizi. Ng'ombe unamkatia majani, mbwa unamwachia ukoko, kwa nini mlinzi wa ghala afanye kazi bila posho?

Kosa kubwa zaidi ni sumu, na hili nalisema nikiwa na aibu. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliweka sumu ya panya stoo. Panya aliyeila hakufa papo hapo. Alitoka akiyumba, paka wangu akamkamata kirahisi. Asubuhi nilizika paka, na mwezi haukuisha panya walikuwa wamerudi. Mtaalamu mzima! Paka akiondoka, panya hutawala.

Basi fanya hivi:

1. Mpe chakula kidogo jioni, ugali uliochanganywa na dagaa. Sisi wa Kigoma tuna dagaa wa Ziwa Tanganyika, hatuna kisingizio. Ugali mtupu haumtoshi, paka ni mla nyama. Maji safi yawepo kila wakati.
2. Mchanje kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Paka naye huambukizwa na huambukiza. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.
3. Usimpe paracetamol hata kipande, inamuua. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe au mbwa. Muulize afisa mifugo.
4. Mwachie tundu la kuingilia ghalani. Nguzo za kihenge zifunge kwa bati panya asipande, na ufagie punje zilizomwagika. Paka peke yake hamalizi panya, ni usafi na paka pamoja.

Na wewe unayeuza sokoni sumu iliyofungwa kwenye karatasi, isiyo na lebo, isiyojulikana kipimo: unauza kifo cha paka leo, na kesho kitakuwa cha mtoto. Iache. Wewe mnunuzi wa mazao nawe ndiye unayepata hasara gunia likitobolewa, kwa hiyo paka wa mkulima ni mali yako pia.

Khadzonzo alihitaji kupita kwa wageni ndipo aitwe mbegu. Wa kwako asisubiri hivyo. Leo jioni, kabla hujafunga mlango, mwekee dagaa watatu.