Matope ya Hori la Mtoni Yapimwe Mwaka Mzima

Wanawake wanaoshuka matopeni huko Mtoni, wilayani Temeke, maji yanapokupwa, ili kuokota kombe na tondo, wanalijua jambo moja ambalo wapimaji wa maji hulisahau mara kwa mara. Hori lile si lile lile mwezi wa Aprili na mwezi wa Septemba, wala mdomoni mwake hapafanani na kule ndani mikokoni.

Masika yanapoanza mwezi wa Machi, mito ya Kizinga na Mzinga huteremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe ikiwa imebeba udongo, na hupita mitaani ikizoa taka na maji ya vyoo. Maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya maji ya bahari. Chembe za udongo zikikutana na chumvi hushikamana, zikawa nzito, zikazama. Mizizi ya mikoko nayo hupunguza kasi ya maji, na tope likatulia hapo. Mvua zikiisha, na pepo za kusi zikishika, maji hutakata na kupendeza macho. Tope halikuondoka.

Tena halikai mahali pote sawasawa. Wakati wa bamvua bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mdomo wa hori husafishwa vizuri, ukabaki mchanga mnene usioshika uchafu mwingi. Ndani, tope laini hunasa risasi, zinki, kromi na mafuta. Hewa haipiti, tope huwa jeusi na kunuka kama yai viza. Jalala la Mtoni, lililotumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilikuwa jirani na bonde la Kizinga. Jalala huweza kufungwa kwa amri. Yaliyokwisha kuzama matopeni hayasikii amri.

Basi mtaalamu achotaye chupa moja ya maji mdomoni, siku ya bamvua, mwezi wa Agosti, atapata jibu zuri sana, na jibu hilo halitamfaa mla kombe hata kidogo. Kombe hulala matopeni na kula yaliyomo humo.

Huko Kinondoni mambo hayafanani. Kunduchi shida si tope lililozidi, bali mchanga uliopungua: mito ya Tegeta na Mbezi ilichimbwa mchanga wa kujengea nyumba za mji huu, ufuko ukakosa riziki yake, na bahari ikaila ardhi hata Hoteli ya Africana ikaharibika. Dawa ya Kunduchi haiwezi kuwa dawa ya Mtoni.

Lakini jambo la haraka zaidi liko Msimbazi. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao mkopo wake wa Benki ya Dunia uliidhinishwa mwaka 2022, unahusu pia kuchimba na kupanua mkondo wa mto. Mafuriko ya Jangwani yamewatesa wananchi vya kutosha, na mwaka 2011 yaliua watu; hakuna mwenye haki ya kuupinga mradi huo. Hata hivyo, tope lililofukiwa kwa miaka mingi likifukuliwa hukutana na hewa, na sumu iliyolala huamka. Hapana budi lipimwe kabla ya kuchimbwa, na wananchi waambiwe litamwagwa wapi.

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lina mamlaka, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu. Tafiti zao zimekuwapo tangu zamani, ila nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa mahali ambapo muuza kombe hafiki. Yafaa matope ya kila hori yapimwe juu mtoni, ndani mikokoni na mdomoni, kabla ya masika, katikati yake, wakati wa kusi na wakati wa vuli, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili katika ofisi za serikali za mitaa za Mtoni, Kijichi na Kunduchi kabla mvua za Machi hazijaanza.