Lisemwalo Si Ushahidi



Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Methali hii ni nzuri barazani, lakini mahakamani ni hatari. Juma hili tujiulize: mtu anaposhikwa kwa kosa kubwa, na mji mzima umekwisha kusema kuwa ndiye, kesi ni ya nini tena?

Hapa Quiterajo jambo hili tumeliona kwa macho. Katika siku za hofu, kijana mmoja mvuvi alirudi kwa mashua baada ya kutoonekana miezi kadhaa. Hajatua hata mzigo wake, maneno yakazagaa kwamba alikuwa porini pamoja na magaidi. Vijana wakashika fimbo. Mzee mmoja akasimama mbele yao akasema, "Wanangu, mkimwua leo, kesho nani atatuambia alikokuwa?" Basi akapelekwa polisi akiwa mzima. Askari akaandika maelezo yake, akamwita nahodha na tajiri wa nyavu aliyemwajiri. Baada ya siku chache kijana akarudi kwa mama yake. Walioshika fimbo hukutana naye pwani kila alfajiri.

Jimbo letu la Cabo Delgado limepitia mtihani huo kwa kipimo kikubwa zaidi. Baada ya shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba, 2017, watu wengi walikamatwa. Oktoba 2018, washtakiwa 189 walianza kuhukumiwa mjini Pemba. Hukumu ilipotolewa Aprili 2019, wengine walipewa vifungo virefu, lakini wengi waliachiwa kwa kukosekana ushahidi. Wapo walionung'unika kwamba mahakama imewahurumia wauaji. Siwalaumu; aliyefiwa hana subira. Lakini tufikiri: asiye na hatia akifungwa, mwenye hatia yuko wapi? Yuko huru, naye anacheka.

Maputo nako kuna mafunzo. Mwandishi wa habari Carlos Cardoso aliuawa kwa risasi tarehe 22 Novemba, 2000, akiwa anachunguza wizi mkubwa wa benki. Kesi ilifunguliwa Novemba 2002 chini ya hema ndani ya gereza, na wananchi wakaifuata kwa redio na televisheni. Januari 2003, Jaji Augusto Paulino aliwatia hatiani watu sita. Mmoja wao, Aníbal dos Santos, alikuwa ametoroka gerezani, akahukumiwa bila kuwapo. Kwa sababu hiyo Mahakama Kuu ya nchi iliamuru kesi yake irudiwe. Wengi walisema huo ni upuuzi. Iliporudiwa, Januari 2006, alipatikana na hatia tena, akapewa karibu miaka 30, zaidi ya ile ya kwanza. Utaratibu haukumwokoa mkosaji, ulimnyima kisingizio.

Tena ipo kesi ya madeni yaliyofichwa, mikopo ya zaidi ya dola bilioni 2 iliyochukuliwa mwaka 2013 na 2014 kwa kampuni zilizosemekana kuwa zingelinda pwani na kuvua jodari. Sisi watu wa pwani tulikuwa na kila sababu ya kukasirika. Kesi ilianza Agosti 2021 mbele ya Jaji Efigénio Baptista, washtakiwa wakiwa 19, na vinywani mwa watu wote 19 walikuwa wezi. Desemba 2022, 11 walifungwa, akiwamo mtoto wa Rais wa zamani, 8 waliachiwa. Laiti fimbo ndiyo ingehukumu, hao wanane wangekuwa wapi?

Sisemi wananchi wanyamaze. Bila macho ya umma, huenda kesi hizo zingefia kwenye majalada. Umma una haki ya kuuliza kwa nini kesi imechelewa na kwa nini mfungwa ametoroka. Lakini kuangalia ni kazi moja, na kuhukumu ni nyingine. Katiba yetu, kifungu cha 59, yasema kuwa mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Nanyi ndugu askari, mzigo mkubwa uko mabegani mwenu. Mshukiwa aliyepigwa hukiri lolote, hata asilolitenda, na maungamo ya namna hiyo huanguka mbele ya jaji. Maelezo yaliyoandikwa vizuri, kielelezo kilichohifadhiwa na shahidi aliyelindwa ndivyo vinavyomfunga mhalifu.

Na nyumbani je? Sukari ikipungua koponi, twamchapa yule mtoto mtundu kabla hatujauliza. Kesho yake twagundua alikuwa mwingine, au sisimizi. Mtoto huyo amejifunza nini kuhusu haki? Basi tuanzie hapo: tuulize kwanza, tusikilize pande zote, ndipo tuamue. Atakayekua katika nyumba ya namna hiyo hataokota fimbo kwa sababu ya uvumi.