Mapumziko ya Jamaa: Reli Gani kwa Treni Zako Ndogo?



Kati ya barua za mwezi huu iko moja ya baba aliyetumika miaka mingi kwenye shemandefere. Mwana wake aliye Ubelgiji alimutumia kisanduku cha treni ndogo za mfano: lokomotive moja, vagoni tatu na reli zake. Sasa anataka kukusanya zingine. Anauliza: «Nichukue za reli gani? Nazipenda zote.» Nyumbani wanauliza jambo ingine: feza itatoka wapi?

Baba yetu, hapana kukusanya zote. Mwenye kununua kila treni anayoona atajaza kabati, lakini hatakuwa na reli hata moja. Chagua njia moja, kipande kimoja cha njia ile, na miaka yake. Halafu uchaguzi wenyewe utakukataza mambo mengi, na feza itabaki mfukoni.

Tuangalie Katanga. Reli ya kutoka Sakania ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910. Kwa njia ile makaa ya Wankie yaliingia, shaba ikatoka. Mwenye kuchagua kipande kile na miaka ile ya kwanza atafute masinyi ya moshi na vagoni za mizigo. Ya umeme hapana, hata ikiwa nzuri namna gani. Anayependa umeme achague Likasi na Tenke: kule ulianza kazi katika 1952. Anayependa safari ndefu achague Tenke mpaka Dilolo, iliyounganika na reli ya Benguela katika 1931. Reli ya Kabalo na Kalemie ni neno la pekee: mbele ya 1955 upana wake ulikuwa metre 1 tu, na ile ya kusini milimetre 1 067. Vagoni za huku hazikuweza kupita kule. Juu ya meza vilevile usizichanganye.

Sasa kipimo. Treni nyingi ndogo za Ulaya zimepunguzwa mara 87. Reli kubwa ya kule iko na upana wa milimetre 1 435, kwa hiyo ile ndogo inakuwa 16,5. Yetu, ukiigawa kwa 87, inatoa 12 na kidogo. Haipatani na kisanduku chako. Lakini igawe kwa 64: inatoka 16,7, karibu sawasawa na reli uliyo nayo. Basi usiiuze! Tengeneza vagoni wewe mwenyewe, kwa mbao ao bati, kwa kipimo cha 64. Vagoni ya metre 12,80 itakuwa na sentimetre 20. Hata magurudumu na motere ya ile lokomotive ya Ulaya yanaweza kubeba mwili mupya.

Na kati ya njia hizi zote, uchague ipi? Ile uliyoitumikia. Hakuna duka linalojua masinyi ilisimama wapi kunywa maji, wala nani alishika bendera. Wewe unajua, na wajukuu wako hawajui. Twaa karatasi, andika majina ya gare zote kwa mpango, kisha zunguka kwa wenzako wa kazi waulize yale uliyosahau, maana kila mwaka wanapunguka. Karatasi ile haiombi feza, nayo njo mwanzo wa kazi.