Mbuzi Akivunjika Mguu, Usikimbilie Kisu

Leo nina neno ambalo baadhi yenu, hasa wenye bucha, halitawafurahisha.

Masika iliyopita mama mmoja alinipigia simu alfajiri. Mbuzi wake mwenye mimba alikuwa ametumbukia kwenye shimo na mguu wa mbele umevunjika chini ya goti. Nilipofika nikamkuta mnunuzi ameshatangulia, shilingi 40,000 mkononi. Mbuzi yule akiwa mzima asingeuzwa chini ya 120,000. "Afisa, huyu ni wa kisu tu," akaniambia. Nikamwomba mama asubiri.

Msimamo wangu ni huu: mbuzi wengi tunaowachinja kwa sababu ya mguu wangepona. Ukivunjika chini ya goti, au chini ya kile kiungo cha mguu wa nyuma, na ngozi haijapasuka, mfupa huunga vizuri. Kwa mtoto wa mbuzi ni kama wiki tatu hadi nne, mkubwa wiki sita au zaidi.

Mlaze kivulini, mtu mmoja amshike kichwa. Nyoosha mguu taratibu, usiuvute kwa nguvu. Zungushia pamba nene, kisha weka mabanzi ya mwanzi au bomba la plastiki lililopasuliwa katikati, yavuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Funga kwa bandeji, ncha za kwato zibaki nje uzione. Muweke banda dogo na kavu, umpelekee majani na maji. Usimkande kwa maji ya moto, usimchome kwa chuma, wala usimpe vidonge vya binadamu.

Kila asubuhi kagua kwato. Zikivimba, zikiwa za baridi, au ukisikia harufu mbaya, legeza siku hiyohiyo. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimfunga mtoto wa mbuzi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, nikarudi baada ya wiki. Mfupa ulikuwa unaunga, lakini mguu chini ya mpira ulikuwa umeoza. Mwenye mbuzi hakunilaumu. Mimi bado najilaumu.

Sisemi kila mbuzi afungwe banzi. Paja au bega likivunjika, au mfupa ukitoka nje, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akisema hakuna namna, kumchinja mapema ni huruma, na nyama ikaguliwe. Ila amua kabla ya kuchoma sindano. Ukishamchoma dawa, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa, usiwalishe majirani dawa.

Wapo watakaosema matibabu ni gharama. Piga hesabu mwenyewe. Yule mama angepoteza shilingi 80,000 asubuhi moja, pamoja na mimba. Pamba na bandeji havifiki hata robo ya fedha hiyo, na mwanzi ulitoka shambani kwake.

Na ninyi wafanyabiashara wa mnadani, tuambizane ukweli. Miguu mingi ninayoitiwa haikuvunjikia shimoni. Ilivunjikia kwenye bodaboda, mbuzi wanne wamefungwa miguu kwa kamba na kuning'inizwa kichwa chini. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, lakini hata bila sheria, unavunja mtaji wako mwenyewe. Changieni kirikuu, mtandike majani chini, mbuzi wasimame. Nauli ya mmoja haifikii hasara ya mguu mmoja.

Yule mbuzi tulimfungua baada ya wiki saba. Anachechemea kidogo hadi leo, na amezaa mapacha. Mnunuzi alirudi kuuliza bei, mama akamwambia hauzi.

Kwa hiyo mbuzi wako akiumia mguu, mpigie simu afisa mifugo wako kabla hujampigia mwenye bucha.