Mahusiano Yasiyotaka Kalamu
Wahubiri wa uwekezaji wa viwanja na nyumba hapa Tanzania wana wimbo mmoja: jenga mahusiano na dalali, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, mengine yatajipa. Nakataa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi ni mahusiano gani haya yanayomjua dalali kwa jina la utani, ilhali hayamjui mke wa muuzaji wala jirani wa mpakani? Hapo ndipo anapoporwa asiyekuwapo. Mshirika wa kweli haogopi kalamu. Anayekuambia “tunaaminiana, karatasi za nini?” amekwisha kukuonyesha atakavyokukana mahakamani.