MLINZI WA MTANDAO WA SHULE YETU

Wenzangu wasomaji, muhula huu yamekuwako mazungumzo mengi juu ya fayawoli, yaani mlinzi akaaye kati ya kompyuta za shule na intaneti, akaamua kipi kipite na kipi kirudi. Wengine wataka tununue kifaa kilicho tayari, kinacholipiwa ada ya leseni kila mwaka. Mimi nasema tuchukue kompyuta ya zamani ya biti 64, yenye matundu mawili ya waya za mtandao, tuitie mfumo endeshi wa programu huria.

Sababu ya kwanza ni fedha. Ada isipolipwa, vifaa vingi vya namna hiyo hukosa marekebisho mapya, na mlinzi asiyejua hila mpya za wezi ni sawa na aliyesinzia. Nasi tunatunza alama za mitihani na habari za wazazi, ambazo sheria ya mwaka 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi yatutaka tuzihifadhi vema.

Sababu ya pili ni elimu. Mvuvi wa Ukerewe wavu wake ukichanika huushona mwenyewe ufukweni, maana anaujua. Programu huria nayo yaweza kusomwa na kutengenezwa na yeyote. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kushiriki kuitoa OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Je, tuchague mfumo upi? Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, una mafundi wengi. OpenBSD, ulioanzishwa na Theo de Raadt mwaka 1995, wasifika kwa usalama, na kichujio chake kiitwacho PF, kilichotoka mwaka 2001, kina kanuni fupi zinazosomeka. Lakini hutaka mtu aliyezoea kuandika amri. OPNsense, uliotoka mwaka 2015, umejengwa juu ya FreeBSD, hutumia PF iliyotokana na hiyo ya OpenBSD, na husimamiwa kwa kurasa za kubofya.

Kwa maoni yangu OPNsense watufaa zaidi. Fundi hodari atapenda OpenBSD, lakini walimu wa serikali huhamishwa. Mwalimu mmoja aujuaye mfumo akipelekwa Geita au Bukoba, tutabaki na sanduku lisilo na ufunguo.

Wako wasemao kwamba mwizi naye aweza kuisoma programu iliyo wazi. Ni kweli. Lakini wenye nia njema nao huisoma, na kosa likionekana hurekebishwa hadharani. Hatari kubwa zaidi ni uvivu wetu, kwani cha bure nacho hutaka kutunzwa.

Kwa hiyo naomba Mkuu wa Shule ateue walimu wawili na wanafunzi wanne. Kazi yao iwe kutia marekebisho kila yatokapo, kuandika daftarini kila kanuni na sababu yake, na kuweka nakala ya mipangilio mbali na mashine. Nao wazazi, katika mkutano wao ujao, watusaidie kupata betri ya akiba, maana umeme ukikatika ghafula mashine yaweza kuharibika.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano